Simu Iliyokaa kwa Baba Mkwe

Watu wameniuliza kwa miaka mingi kwa nini sikulia kwenye msiba wa mume wangu, na mimi huwajibu wakamuulize aliyeyachukua machozi yangu. Jibu la jeuri, najua. Sina jingine. Huku Ikuti, kijijini kwa wakwe zangu, wanawake wanalia msiba kwa sauti, wanaingia uani mikono kichwani, na mjane ndiye anayetazamwa na kila mtu. Mimi nilikaa kwenye mkeka, bandeji kichwani, nikawa nanusa maharage yanayopikwa nje. Nikasema, "Maharage yanaungua." Yalikuwa yanaungua kweli. Shangazi wa marehemu, dada yake baba mkwe, akanigeukia akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kuanzia siku ile akawa na la kusema juu yangu kila alipokaa.

Ajali yenyewe naieleza kwa kifupi, maana ndivyo nilivyoijua mwenyewe kwa muda mrefu. Enzi zile kila mwenye akili ya biashara Rungwe alikuwa anakimbizana na ndizi. Malori ya ushirika yalikuwa yamebaki stori, barabarani ni Fuso za watu binafsi tu, na mume wangu alikuwa na lake, bovu bovu, analipenda kuliko nguo zake. Siku ile tulipakia ndizi asubuhi, mtoto tukamwacha kwa bibi yake, nami nikapanda mbele kwa sababu nilitaka kufika Mbeya kuchagua mitumba. Kwenye mteremko wa kushukia Kiwira breki zikakataa. Nakumbuka alivyokuwa analazimisha gia na lile lori linavyonguruma. Baada ya hapo hakuna kitu. Kinachofuata nimekaa kwenye majani kando ya barabara, damu inaniingia machoni, na mabuti ya mpira yanapita mbele yangu kuelekea kwenye lori. Mabuti yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa ya baba mkwe. Alikuwa Kiwira kununua mbolea, akasikia kelele, akakimbia na wenzake. Alinipita bila kusimama.

Shangazi akaishika hiyo. "Mwanamke aliruka akamwacha mwenzie afe peke yake," alikuwa anasema. "Hata baba mtu alimpita pale chini, hakumtazama." Na mimi ningebisha nini? Sikukumbuka nilivyotoka mle ndani. Kwa nilivyojua mimi, inawezekana kabisa niliruka.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya kwetu: mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hamkutani njiani, hamkai chumba kimoja, hamsemeshani. Mimi ni mtoto wa Msasani, pale Tukuyu mjini, nimekulia nyuma ya duka, na nilipoolewa nilicheka sana niliposikia hayo. Nikacheka, halafu nikayafuata. Akija upande huu naingia migombani mpaka apite, na kama nimebeba maji nasimama na ndoo yangu kichwani, mgongo nimempa. Miaka yote ya ndoa uso wake sikuwahi kuuona vizuri. Kwa hiyo kama ananichukia, au ananihurumia, au ameshanisahau, mimi ningejulia wapi? Kwenda kumuuliza haiwezekani. Kutuma mtu akamuulize jambo kama lile ni kujitafutia aibu.

Na nilihitaji kujua. Matanga yalipokwisha, maneno yakaanza kwamba ukoo utakaa kikao, mimi nirudishwe Msasani kwa wazazi wangu na binti yangu abaki, kwa sababu ng'ombe za mahari zilitoka na mtoto ni wa huku. Binti yangu alikuwa ndiyo anaanza kutembea. Mwenye neno la mwisho ni baba mkwe. Nilimtaka mwanangu, hilo nililijua kichwani, namna unavyojua kwamba kesho ni Jumapili. Moyoni hapakuwa na kitu. Nilikuwa nambeba, namwogesha, namlisha, na mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Kilichonipeleka hospitali ni kulala chini. Nikisikia Fuso linabadilisha gia, nalala chini. Popote. Siku moja nililala mbele ya mlango wa kanisa na gauni langu zuri, watu wanatoka ibadani wananiruka. Mama mkwe akasema basi, hii sasa siyo majonzi, huu ni ugonjwa. Tukatembea mpaka Tukuyu kwa miguu, maana kwenye gari sikuwa napanda tena. Nesi akaniuliza maswali, akaandika, akaniambia kuna ugonjwa wa mtu aliyekutana na kifo akabaki hai, mwili umetoka pale lakini akili bado iko pale. Dawa ya kumeza hana. Ila walikuwa wanajaribu kitu kipya: mshauri anazungumza na mgonjwa kwa meseji, kidogo kidogo kila siku, na kujibu ni bure. Nikasema sawa. Wakati ule hata ningeambiwa nile majivu ningesema sawa.

"Una simu?" akauliza dada mshauri, msichana mpole wa mjini, kucha zimepakwa rangi.

Simu ilikuwepo, ya marehemu. Siku ile ya ajali aliisahau nyumbani. Baada ya msiba vitu vyake vilirudi kwa baba yake, na simu nayo ikaenda, ikawa inaning'inia kwenye msumari wa dirisha la mzee kwa sababu hapo nyumbani pale tu ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Nikatoa namba hiyo. Mama mkwe akasema ataniletea kila mchana mzee akishuka kwenye shamba la chai, nisome, nijibu, halafu airudishe kwenye dirisha ndipo meseji zitoke. Dada mshauri akaniahidi kunitunzia siri. Kwenye meseji hataandika jina langu, wala neno hospitali, wala neno ugonjwa, mtu akiichungulia asielewe. Alifikiria kila kitu, yule dada. Baba mkwe hakumfikiria.

Tukaanza. "Habari za asubuhi. Usiku ulikuwaje?" Nikajibu, "Kawaida." "Ulipokaa sasa, taja vitu unavyoviona." Nikajibu, "Migomba." Kesho yake tena, taja unavyoviona. "Migomba." Keshokutwa, "Migomba bado." Nilimwona kama mtu mwenye muda mwingi wa kuchezea. Lakini sikuacha kujibu, na yeye hakuacha kuuliza, na mama mkwe kila mchana alikuja na simu ameifunga kwenye ncha ya kanga.

Halafu dada mshauri akaanza kuniandikia mambo nisiyoyajua. Siku moja akasema, "Asante kwa kuniambia kuhusu kile kiti. Ukikiona kitupu, unafanya nini?" Kiti gani? Nikasema huyu amenichanganya na mgonjwa wake mwingine, na huku wanajisifu ni wataalamu. Nikamjibu sina kiti. Siku nyingine akaandika, "Pole sana kwa kupunguzwa kazi kiwandani. Inaonekana bado inakuuma." Mimi kiwandani sijawahi kukanyaga hata kwa bahati mbaya. Aliyefanya kazi kiwanda cha chai, kikauzwa kwa watu binafsi, akapunguzwa pamoja na wenzake, wakarudishwa vijijini, ni baba mkwe.

Nikafungua meseji zilizotumwa. Zilikuwepo zangu fupi fupi za migomba, na katikati yake, zimejaa, za mtu mwingine. Ya kwanza kabisa ilisema, "Salama. Usiku haukuwa mzuri lakini tunashukuru. Ninyi mmelalaje huko? Ndaga fijo." Ndaga fijo ni asante sana. Ndivyo alivyomalizia kila meseji.

Nikaelewa ilivyokuwa. Asubuhi simu inalia dirishani, mzee anaichukua, anakuta mtu amemsalimia vizuri, hana jina lakini ana adabu. Kwetu mtu hasalimiwi akanyamaza. Akajibu. Kesho yake akaulizwa mwili unajisikiaje, akajibu tena. Na tangu amzike mwanae hakuna aliyekuwa amemuuliza hali. Watu walikuja kumpa pole, wakakaa, wakala, yeye ndiye aliyekuwa anawatuliza. Sasa ametokea mtu anauliza kila asubuhi na anasubiri jibu. Yeye anajibu asubuhi, mimi najibu mchana, na dada mshauri huko mjini anafurahi kwamba mgonjwa wake amefunguka.

Nilijaribu kukasirika. Kukasirika nakujua, wanaonifahamu watakwambia, lakini siku ile hasira haikuja. Nilikaa na simu mapajani mpaka mama mkwe akaniuliza kama imezima.

Ningemwambia dada mshauri mapema yaishe. Sikumwambia, na sababu ni moja: aliyekuwa anaandika zile meseji ndiye mwenye neno juu ya mwanangu. Kila mchana nikawa naanza kusoma za kwake ndipo niandike zangu. Nilikuwa natafuta jina langu, au neno mkamwana, au hata yule mwanamke. Hakuna. Aliandika kuhusu magoti yake. Aliandika kuhusu kiti ambacho mwanae alikuwa anakalia akija kumsalimia jioni, na kwamba haruhusu mtu akihamishe. Aliandika jinsi kijana alivyokuwa utotoni, anapanda mipera, anaanguka, hajifunzi. Kuhusu mimi hakuandika hata nukta. Nikasema basi, jibu ndilo hilo.

Na kama mimi naona zake, yeye anaona zangu. Hilo lilinijia baadaye kidogo. "Migomba bado" na yeye ameisoma. Hakuna aliyefuta.

Dada mshauri alianza kushtuka. "Samahani," akaandika, "wakati mwingine unaandika kama watu wawili tofauti." Nikamjibu, "Si ndiyo ugonjwa wenyewe." Akasema atalizungumza na wakubwa zake. Nikawaonea huruma wakubwa zake, kwa mdomo tu lakini.

Ndipo ikaja ile meseji ndefu ya dada mshauri. Alisema sasa tumefika mahali pagumu. Niandike siku ile ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, kama ninavyoiona. Nikishindwa nipumzike, niendelee kesho. Niliisoma mchana, na mzee alikuwa ameshaijibu asubuhi, vipande vipande, kwa sababu simu ile haikuweza kubeba maneno mengi kwa mara moja. Jibu lake naliweka hapa kama lilivyokuwa, maana nalikumbuka lote.

"Nilikuwa Kiwira. Nikasikia watu wanasema Fuso la ndizi. Nikakimbia. Mkamwana wangu alikuwa amekaa kwenye majani ana damu usoni. Kwetu mimi simtazami na yeye hanitazami. Nikageuza uso nikapita. Watu wakaniambia mzee huyu mzima, msaidie. Nikapita. Nilipofika kwa mwanangu alikuwa amekwisha. Nimempita aliye hai nikaenda kwa aliyekufa. Nikifumba macho sioni lori. Namwona yule binti anafuta damu kwa mkono. Sijui nani alimfunga kitambaa. Siwezi kumuuliza. Ndaga fijo."

Nikarudia kusoma. Mama mkwe akauliza, "Kuna nini, mwanangu?" Nikasema, "Hakuna kitu, mama." Na kweli hakukuwa na kitu. Nilijua kwamba nimesoma jambo kubwa, kwamba mtu mwenye akili timamu hapa angepiga magoti au angepiga ukelele. Mimi nilimenya viazi.

Lakini kesho yake mchana nilikaa na simu, nikamjibu dada mshauri swali lake. Nilianzia mwisho, kwa sababu ndiko nilikoulizwa. Niliandika, "Aliyenifunga kitambaa ni mama mmoja muuza viazi pale Kiwira. Kilikuwa kitambaa chake cha kichwani." Halafu nikarudi nyuma. Kabla ya kitambaa majani, kabla ya majani mlango. Vidole vilikuwa vinaandika polepole, zile simu unabonyeza kitufe mara kadhaa upate herufi moja, na labda ule upole ndio ulionisaidia, kwa sababu nilipofika kwenye neno mlango nilimwona mume wangu. Mkono mmoja uko kwenye usukani. Ameinama amepita mbele yangu, anafungua mlango wa upande wangu. Nilikuwa nimemshika shati na sitaki kuliachia. Aliniwekea mguu kwenye nyonga, akasema, "Mtoto atabaki na nani?" Akanisukuma.

Nikaandika yote hayo. Mwisho nikaandika, "Sikuruka." Kisha nikamrudishia mama mkwe simu akaipeleke dirishani. Ilikwenda kwa dada mshauri, mjini. Mkwe wangu sikumwandikia neno. Mtu yeyote angeweza kunipekua asinikute na kosa.

Kesho yake mzee alikuwa ameandika maneno machache tu. "Salama. Nimesoma. Ndaga fijo."

Kikao kilikaa uani kwake, wazee kwenye viti, shangazi kwenye kigoda chake. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na mama mkwe, mgongo tumeupa ukuta, binti yangu anachezea maganda ya ndizi. Tulikuwa tunasikia kila kitu. Shangazi alianza. Mwanamke hana machozi. Mwanamke aliruka. Arudi kwao Msasani akauze dukani, mtoto abaki, tutamlea. Wazee wakaitikia kwa kuguna, siyo kwa ubaya, walitaka waende majumbani.

Baba mkwe akasema, "Hakuruka. Alisukumwa na mwanangu."

"Nani kakwambia?" shangazi akauliza.

"Yeye mwenyewe."

Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu, akanitazama. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Kaka, wewe umezungumza na mkamwana wako?"

"Sijamwona wala sijamsikia," akasema. "Nimesoma alichoandika kwenye simu."

Hapo ndipo wazee walipochangamka. Mmoja akasema kusoma siyo kusikia, simu haina uso. Mwingine akasema maneno ya mtu ni sauti yake, ukiyachukua umeshakaa naye. Shangazi akasema ameishi kwingi lakini hili hajaliona, baba mzima anachungulia maneno ya mke wa mwanae. Baba mkwe hakujitetea. Angeweza kusema simu ilikosewa, ni watu wa mjini, hakujua mwanzoni. Ilikuwa kweli. Hakusema. Alirudia tu kwamba mwanawe alimsukuma mkewe ili mtoto asibaki peke yake, na yeye hatalitengua neno la mwisho la mwanawe.

Mkubwa wao akalipokea neno la baba mkwe, akafunga kikao. Mtoto atakaa na mama yake, nyumba ni yao. Lakini simu itoke dirishani kwa mzee leo hii, ikae kwa mwenye nayo. Na isisikike tena kwamba hawa wawili wanasemeshana, kwa njia yoyote ile. Ikisikika, kikao kitakaa upya na mambo yote yataanza upya, la mtoto likiwemo.

Kwa hiyo nilishinda. Mama mkwe akaniletea simu na waya wake wa chaji. Binti yangu alilala mapajani kwangu jioni ile na hakuna aliyeniuliza habari yake. Nilisubiri nifurahi. Nikapika, nikala, nikaosha vyombo.

Asubuhi nilipanda na simu mpaka kwenye kona ya barabara kutafuta mtandao. Ikaingia. "Habari za asubuhi. Usiku ulikuwaje?" Nikaanza kuandika "Kawaida", na kutokea pale juu nikaiona nyumba ya mzee chini, na yeye amesimama nje ya dirisha lake, mikono ameiweka nyuma. Saa ile ndiyo ilikuwa saa yake ya kuulizwa. Alisimama tu, anatazama ukuta, halafu akakaa chini kwenye majani yenye umande, mzee wa watu, mwenye magoti mabovu.

Nilimhurumia. Iliniuma kiasi kwamba niliinama, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huruma inauma. Nikaogopa pia. Niliogopa juu ya mwanangu, kwa mara ya kwanza niliogopa kweli, kwa sababu nilijua ninachokwenda kufanya na nilijua kinaweza kunigharimu nini.

Nikashuka. Sikuingia migombani. Nilikwenda moja kwa moja mpaka nikafika mbele yake, nikamtazama usoni. Alikuwa amefanana na mume wangu, hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Mama mkwe alitoka jikoni na sinia la mchele, akatuona, akarudi ndani akafunga mlango. Nilichuchumaa pale kwenye majani.

"Baba," nikasema, "mmelalaje?"

Hakugeuza uso.

"Vibaya, mwanangu," akasema. "Vibaya sana."